Silehkhana, Daulat Khana, Hawa Mahal: Kuyasoma Makumbusho ya Kifalme ya India kwa Msaada wa Kiswahili

1. Utangulizi

Katika jumba la wafalme wa Jaipur, kaskazini-magharibi mwa India, kuna ukumbi uitwao Silehkhana. Mgeni asiyejua lugha yoyote ya huko hupita, akaona panga, ngao, majambia na bunduki, kisha akatoka. Mgeni anayejua Kiswahili anaweza kufanya zaidi ya hapo. « Sileh » ni silaha, na « khana » ni nyumba, ileile iliyojificha ndani ya neno letu karakana. Kabla hajaona hata upanga mmoja, jina la ukumbi limekwisha kumwambia kwamba anaingia nyumba ya silaha.

Wakongo wengi siku hizi hufika India. Wengine huenda kusoma katika miji kama Hyderabad, Pune au Bengaluru, wengine husindikiza wagonjwa wao hospitalini. Siku ya mapumziko ikifika, wenyeji huwaelekeza kwenye majumba ya wafalme wa zamani, nao hurudi na picha nyingi kwenye simu. Swali la makala haya ni hili: msemaji wa Kiswahili ana chombo gani cha kuyaelewa makumbusho hayo, mbali na macho yake? Jibu ninalolitetea ni kwamba chombo hicho ni majina ya vyumba. Jina la chumba hueleza kazi iliyofanywa na vitu kabla havijafungiwa kabatini, na mengi ya majina hayo yana ndugu zake katika Kiswahili.

Undugu huo usieleweke vibaya. Kihindi, Kiurdu na Kigujarati ni lugha za jamii ya Kihindi-Kiulaya. Kitelugu na Kikannada ni za jamii ya Kidravidi. Kiswahili ni Kibantu. Hazikuzaliwa na mama mmoja. Zilikutana kwa njia ya Kiarabu na Kiajemi. Kiajemi kilikuwa lugha ya utawala katika dola ya Wamughal, nacho kilikuwa kimekwisha kumeza maneno mengi ya Kiarabu. Hata Waingereza wa Kampuni ya India ya Mashariki waliendelea kukitumia maofisini mpaka mwaka 1837. Upande wa pili wa bahari, pwani ya Afrika ya Mashariki ilipokea maneno ya Kiarabu, ya Kiajemi na ya Kihindi kwa biashara na kwa dini, na misafara ya karne ya 19 ikayafikisha Maniema na Katanga.

Kwa hiyo msomaji akutane na kila jina akiwa na maswali matatu. Je, neno hili lina asili moja na letu na maana bado zinakaribiana? Je, asili ni moja lakini maana zimeachana? Au yamefanana kwa bahati tu? Tutayatumia maswali hayo Jaipur, Jodhpur, Hyderabad na Bhuj, kisha tutaona tahadhari moja huko Mysore.

2. Makumbusho yanaitwaje?

Tuanze na jina la taasisi yenyewe, maana kila lugha imechagua jambo lake la kulisisitiza. Kiswahili kimechukua kitenzi kumbuka, kikakifanya cha kusababisha, kumbusha, kisha kikaunda nomino makumbusho. Kwa hiyo kwetu makumbusho ni mahali panapomfanya mtu akumbuke, ingawa mazungumzoni sisi Wakongo mara nyingi hulichukua neno la Kifaransa, musée, lililotoka kwa Muza, miungu wa sanaa wa Wagiriki.

Kihindi rasmi husema « sangrahalaya », neno la Kisanskriti lenye sehemu mbili: « sangraha », yaani mkusanyo, na « alaya », yaani makao. Sehemu hii ya pili tunaijua bila kujua kwamba tunaijua: imo ndani ya Himalaya, makao ya theluji. Kitamil nacho kina neno lake, « arungkatchiyagam », mahali pa maonyesho adimu.

Watu wa kawaida wa India kaskazini, hata hivyo, walizoea jina jingine: « ajaib ghar ». « Ghar » ni nyumba, na « ajaib » haihitaji tafsiri kwa msomaji wa Kiswahili: ni wingi wa Kiarabu wa neno ajabu. Ni nyumba ya maajabu. Zanzibar pia ina jumba la kifalme la mwaka 1883 liitwalo Beit al-Ajaib, ambalo baadaye lilifanywa makumbusho. Huko Kolkata, makumbusho makubwa yaliyoanzishwa mwaka 1814 huitwa na Wabengali « jadughar », nyumba ya uchawi.

Kukumbusha, kukusanya, kustaajabisha, kuroga: ni kazi nne tofauti kwa taasisi moja. Mgeni akiingia ajiulize ni ipi kati ya hizo inayofanywa na ukumbi uliopo mbele yake.

3. Majumba yaligeukaje makumbusho

India ilipopata uhuru mwaka 1947 ilikuwa na falme ndogo na kubwa zaidi ya 560 ambazo Waingereza hawakuzitawala moja kwa moja. Zilikuwa na wafalme wenye majina mbalimbali: maharaja, maharao, nawab, na Nizam wa Hyderabad. Falme hizo ziliunganishwa na taifa jipya, na wafalme wakaahidiwa posho ya serikali pamoja na kubaki na vyeo vyao. Mwaka 1971 marekebisho ya 26 ya katiba yakafuta posho na vyeo vyote viwili.

Jumba lisilo na ufalme ni mzigo. Lina paa la kutengeneza, walinzi wa kulipa na vyumba mamia visivyo na kazi. Baadhi ya familia zilikuwa zimeanza mapema: jumba la Jaipur lilifungua makumbusho yake mwaka 1959 na lile la Udaipur mwaka 1969. Huko Jodhpur, Gaj Singh II aliiweka ngome ya Mehrangarh chini ya wakfu mwaka 1972, mwaka mmoja baada ya marekebisho yale. Makumbusho mengine ya mikoa yalianzishwa na wafalme wenyewe wakiwa bado madarakani, kama yale ya Baroda ya mwaka 1894 chini ya Sayajirao Gaekwad III.

Jambo hili lina uzito kwa mwanaisimu. Jumba likigeuka makumbusho, vyumba hupata kazi mpya, lakini mara nyingi majina ya zamani hubaki mlangoni. Jina la chumba basi ni hati ya kazi iliyokwisha.

4. Jaipur: nyumba za kazi

Mji wa Jaipur ulianzishwa mwaka 1727 na Sawai Jai Singh II. Mali na shughuli za mfalme ziligawanywa katika idara zilizoitwa « karkhana », na kwa desturi husemwa zilikuwa 36. Neno hilo ni la Kiajemi: « kar », kazi, na « khana », nyumba. Katika Kihindi cha leo karkhana ni kiwanda. Kiswahili kililipokea likawa karakana, mahali pa kufanyia kazi za mikono na ufundi. Mzizi uleule wa « kar » umo pia katika « sarkar », ambalo kwa asili ni mkuu wa kazi, nalo kwetu limekuwa serikali. Huko India sarkar ni serikali, lakini pia ni namna ya kumwita bwana mkubwa kwa heshima. Nani angedhani kwamba karakana na serikali, kwa asili, wana mzizi mmoja?

Ukishajua « khana », milango mingi inafunguka. Pothikhana ni nyumba ya vitabu na miswada. Toshakhana ni hazina ya mavazi na vitu vya thamani. Silehkhana tumekwisha kuiona. Suratkhana ilikuwa idara ya wachoraji wa mfalme, na hapa tunakutana na sura, yaani uso au umbo. Idara iliyotengeneza sura za watu na mambo. Tusilichanganye neno hili na sura ya kitabu. Hayo ni maneno mawili ya Kiarabu yenye herufi tofauti mwanzoni, ambayo Kiswahili kimeyafanya homonimu kwa sababu hakitofautishi sauti hizo mbili za « s ».

Mtu akitazama picha ndogo za Jaipur kama kazi ya msanii mmoja mwenye kipaji, atapotea. Jina Suratkhana linamwambia kwamba picha zilitoka katika idara, pamoja na wasimamizi na vifaa vyake. Hapo jina linatufundisha jambo ambalo macho pekee yasingelijua.

Neno jingine kubwa ni « mahal ». Kwa Kiarabu ni mahali, pale mtu anapotua. India walilipandisha cheo likawa jumba la kifalme. Sisi tuliliacha na maana yake pana, tukalipa hata ngeli yake ya pa-: mahali pale, mahali pazuri. Katika Kiswahili cha mtaani Lubumbashi neno fasi limechukua nafasi yake, lakini shuleni tunalijua vizuri. Basi Mubarak Mahal, jengo ambalo Madho Singh II alilijenga kwa kupokea wageni na ambalo leo lina ukumbi wa nguo za kifalme, ni mahali penye baraka. Hawa Mahal, jengo la mwaka 1799 lenye madirisha madogo 953 kama sega la nyuki, ni mahali pa hewa. Mswahili anayesoma haraka ataona « hawa » ya watu hawa, au jina la mama Hawa. Maana sahihi ni hewa, upepo unaopita katika madirisha yale, ambayo yaliwawezesha wanawake wa jumbani kutazama barabara bila kuonekana.

Kuna mahali ambapo Kiswahili hakisaidii. Katika ukumbi wa mapokezi wa jumba la Jaipur kuna mitungi miwili mikubwa ya fedha, kila mmoja una urefu wa mita 1,6 hivi na uzito wa kilo 345. Mwaka 1902 Madho Singh II aliijaza maji ya mto Ganges akaenda nayo London kwenye kutawazwa kwa Edward VII, kwa kuwa kama Mhindu mcha Mungu hakutaka kuyategemea maji ya ugenini. Jina lake ni « gangajali »: Ganga, mto, na « jal », maji. Ni Kisanskriti kitupu. Mfalme huyohuyo alikuwa na jumba lenye jina la Kiarabu na mitungi yenye jina la Kisanskriti. Kwa hiyo asili ya neno haitoshi kutuambia dini ya mtumiaji wake. Inatuambia neno lilitoka ofisi gani. Lugha ya utawala ilikuwa Kiajemi, lugha ya ibada ilikuwa Kisanskriti.

Nje ya jumba, katika bustani ya Ram Niwas, kuna makumbusho ya jimbo yaliyofunguliwa mwaka 1887. Yanaitwa Albert Hall, kwa jina la mwana wa malkia wa Uingereza aliyefika Jaipur mwaka 1876. Linganisha jina hilo na Suratkhana. Moja linataja kazi, lingine linataja mwenye nguvu.

5. Jodhpur: dola tatu

Ngome ya Mehrangarh ilianza kujengwa mwaka 1459 na Rao Jodha juu ya jabali linalotazama mji wa Jodhpur. Ndani yake kuna viti vya kupandia tembo, machela za kubebea watu wa jumbani, silaha, picha na vyumba vilivyopambwa. Mgeni atakutana tena na Silehkhana, na sasa hatahitaji msaada. Lakini atakutana pia na Daulat Khana, na hapo Mkongo aende polepole.

Sisi tuna dola mbili. Ya kwanza ni dola ya maana ya taifa lenye mamlaka, kama tunapoandika « vyombo vya dola » (ingawa mtaani watu husema leta, kutoka Kifaransa). Ya pili ni ile ya Marekani, tunayoitumia sokoni kila siku. Hii ya pili ilitokana na jina la sarafu ya zamani ya Kijerumani, haina uhusiano wowote na ya kwanza. Ile ya kwanza ni Kiarabu « dawla », na « daulat » ya Jodhpur ni neno hilohilo. Lakini huko maana yake ya kawaida ni utajiri. Daulat Khana si ofisi ya serikali. Ni ukumbi wa hazina.

Mchanganyiko wake unachekesha: msomaji akidhani kwamba Daulat Khana ni « nyumba ya dola » za Marekani, atakuwa amekaribia maana kwa njia isiyo sahihi, na akidhani ni nyumba ya dola ya mamlaka, atakuwa ameshika asili sahihi akaikosa maana. Huu ndio mfano bora wa aina yetu ya pili. Asili ya neno haimpi mtu maana yake. Maana huamuliwa na watumiaji, kila upande kwa historia yake: pwani yetu ilishika upande wa mamlaka, India ikashika upande wa mali, na katika jumba la mfalme mambo hayo mawili yalikaa chumba kimoja.

6. Hyderabad: nidhamu na diwani

Kusini zaidi, Hyderabad ilitawaliwa na akina Nizam tangu mwaka 1724 mpaka 1948. Cheo kamili cha mwanzilishi wao kilikuwa Nizam-ul-Mulk, mpangaji wa ufalme. Mwanafunzi aliyewahi kuadhibiwa shuleni kwa kukosa nidhamu analijua neno hili kuliko anavyodhani: nidhamu na Nizam ni neno moja la Kiarabu lenye maana ya mpango. Na « mulk » ni wa mzizi uleule uliotupa milki, kumiliki na malkia. Kwetu nidhamu ni tabia. Kwao ilikuwa cheo cha mtu.

Akina Nizam waliishi, pamoja na majumba mengine, katika Chowmahalla. « Chow » ni nne. Kwa kuwa Kiswahili kina ngeli ya mahali, tunaweza kulitafsiri kwa upatanisho mzuri: mahali panne. Jumba hilo, lenye majengo yake yaliyozunguka nyua na mabwawa ya maji, lilifunguliwa kwa umma mwaka 2005.

Lakini makumbusho mashuhuri zaidi ya Hyderabad hayakutoka kwa mfalme. Yalitoka kwa diwani wake. Katika falme za India diwani alikuwa waziri mkuu, na familia ya Salar Jung ilitoa kadhaa. Salar Jung I alishika kazi hiyo tangu 1853 mpaka kifo chake 1883. Mjukuu wake, Salar Jung III, aliyeishi 1889 hadi 1949, aliishika kwa muda mfupi tu, kisha akatumia maisha na mali yake kununua vitu: miswada, saa, silaha, vyombo vya kauri vya China, sanamu za Ulaya. Alifariki bila mrithi. Mwaka 1951 Jawaharlal Nehru aliufungua mkusanyo wake kwa umma ndani ya nyumba ya familia, Dewan Devdi, yaani jumba la diwani. Mwaka 1968 ulihamishiwa jengo la sasa karibu na mto Musi. Vitu vya sanaa vinapita 40,000. Kati ya vile vinavyopendwa sana ni sanamu ya marumaru ya Rebeka aliyefunikwa shela, kazi ya Mwitaliano Giovanni Maria Benzoni, iliyonunuliwa na Salar Jung I mwaka 1876. Mgeni akumbuke kwamba makumbusho hayo hufungwa Ijumaa, na kwamba India tiketi ya mgeni kwa kawaida ni ghali kuliko ya mwananchi.

Sasa neno diwani. Tanzania ni mjumbe wa baraza la wilaya au mji. Katika darasa letu la fasihi ni kitabu cha mashairi ya mtu mmoja, na maana hiyo iko vilevile katika Kiurdu. Katika majumba ya India, Diwan-i-Am ni ukumbi wa mfalme kuonana na watu wote, na Diwan-i-Khas ni ule wa watu maalumu, « khas » ikiwa ndugu wa hasa na hususani. Kifaransa kina « divan » ya kukalia, na kina « douane », neno ambalo kila mfanyabiashara wa Kasumbalesa analitamka kwa uchungu. Yote hayo yametoka katika neno moja lililomaanisha daftari la hesabu. Kutoka daftari likaenda kwa ofisi yenye daftari, kwa chumba cha ofisi, kwa kiti cha chumbani, kwa mtu mwenye kukalia kiti, kwa ushuru unaoandikwa daftarini, na kwa mashairi yaliyokusanywa daftarini. Mwalimu anayetafuta mfano wa kufundishia mabadiliko ya maana hatapata mzuri zaidi.

7. Bhuj: kioo, mwalimu na pembe

Bhuj ni mji mkuu wa zamani wa ufalme wa Kutch, katika jimbo la Gujarat. Hapa uhusiano na sisi hauishii katika maneno. Bandari ya Kutch, Mandvi, ilifanya biashara na Muscat na Zanzibar.

Mjini kuna Aina Mahal, jumba lililojengwa katikati ya karne ya 18 kwa maharao Lakhpatji. Tetemeko la ardhi la tarehe 26 Januari 2001 liliharibu sehemu yake, lakini makumbusho yaliendelea. Mswahili ataona « aina » akafikiri ni mahali pa aina nyingi. La hasha. « Aina » hapa ni ya Kiajemi, nayo ni kioo. Ni mahali pa vioo. Aina yetu ilitoka Kiarabu. Hii ni aina ya tatu: sura moja, asili mbili.

Fundi aliyelibuni jumba hilo alijulikana kwa jina la Ram Singh Malam, na husimuliwa kwamba alijifunza ufundi wa vioo na vigae huko Uholanzi. « Malam » ni cheo: nahodha anayejua njia za bahari. Asili yake ni Kiarabu « muallim », ambalo kwetu limekuwa mwalimu. Mabaharia walimwita mwalimu yule aliyejua kusoma nyota na pepo. Sisi humwita hivyo anayefundisha kusoma vitabu. Neno moja lilisafiri katika jahazi moja, likashuka bandari mbili na kupewa kazi mbili.

Jahazi hizo hazikubeba maneno peke yake. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wenye asili ya Kutch walikuwa na nguvu kubwa Zanzibar. Taria Topan, mzaliwa wa Kutch, ndiye aliyemkopesha Tippu Tip mali ya kuandaa misafara, na misafara hiyo ilifika Maniema, ikarudi na pembe za ndovu na watumwa. Pembe nyingi za Afrika ya Mashariki na ya kati zilipelekwa Bombay kupitia Zanzibar, zikachongwa India au zikauzwa mbele. Basi Mkongo akisimama mbele ya kabati la pembe zilizochongwa katika makumbusho yoyote ya India, asome kibao kwa makini. Kibao kitamtajia mji wa mchongaji. Yeye aulize tembo aliishi wapi. Huenda jibu lisijulikane kwa kitu kimoja kimoja, lakini swali ni halali.

Watu nao walivuka. Gujarat na majimbo ya jirani yana Wasidi, wazao wa Waafrika. Baadhi ya Waafrika walifika kama watumwa, wengine kama mabaharia na askari, na wachache walitawala. Malik Ambar, mzaliwa wa Ethiopia, aliendesha ufalme wa Ahmadnagar mpaka alipofariki mwaka 1626. Falme ndogo za Janjira na Sachin zilikuwa na manawab wa asili ya Kisidi mpaka baada ya uhuru wa India. Wasidi wa Gujarat wamehifadhi uchezaji wao uitwao « goma ». Ni ngoma yetu. Mfuatano wa sauti ng mwanzoni mwa neno si wa kawaida katika Kigujarati, kwa hiyo nazali imedondoka na neno limebaki. Katika makala haya yote tumeona Kiswahili kikikopa na kugawana. Hapa ni Kibantu kinachokopesha.

8. Tahadhari: simba wa Mysore

Jumba la Mysore lilijengwa kati ya 1897 na 1912 baada ya lile la mbao kuungua. Kiti chake cha enzi, cha dhahabu, huitwa « simhasana »: « simha » ni simba, na « asana » ni kiti. Kiti cha simba. Mswahili atafurahi kusema kwamba simba wetu alitoka India, au wa India alitoka kwetu.

Asiseme haraka. Neno la mkopo la baharini hukaa zaidi pwani na kwenye njia za biashara. Lakini ndugu wa simba, kwa maana ya simba au paka-mwitu, wako katika lugha za Kibantu za mbali na Bahari ya Hindi, kama nsimba wa Kikongo. Hilo linaonyesha kwamba neno ni la Kibantu tangu zamani. « Simha » nalo lina historia yake ndefu katika Kisanskriti. Kufanana si ushahidi. Ushahidi ni njia inayojulikana, mfululizo wa sauti unaoelezeka, na maana inayoweza kufuatiliwa. Karakana ina vyote vitatu. Simba na simhasana hawana.

9. Hitimisho

Faida ya kwanza ya zoezi hili ni ya mgeni: atatazama kwa akili zaidi. Faida ya pili ni yetu sisi wenye lugha za Kiafrika. Makumbusho ya kifalme ya India yangeweza kufuta Silehkhana, Daulat Khana na Diwan-i-Khas, yakaandika « Ukumbi namba 1, 2, 3 ». Vitu vingebaki vilevile, lakini kazi zake zingepotea.

Tufikirie lukasa ya Waluba, ule ubao wenye shanga ambao watu wa chama cha Mbudye waliutumia kusimulia historia ya wafalme. Ukiandikwa « ubao » tu, unakuwa kipande cha mti kilichopambwa. Ukiandikwa lukasa, mtazamaji analazimika kuuliza: ni nini hiki, na nani alijua kukisoma? Kipona cha mfalme kikiitwa kigoda, kinakuwa kiti cha kukalia tu. Kazi ya kuandika vibao vya makumbusho yetu kwa lugha za wenye vitu, kisha kwa Kiswahili na Kifaransa, si kazi ya wachumi wala ya wahandisi. Ni ya kitivo kama hiki. Ikingoja mpaka wazee wanaojua majina wamekwisha, tutabaki na vitu bila majina, na neno makumbusho litakuwa limepoteza kitenzi chake.

Mazoezi ya darasani

1. Eleza uhusiano wa maana kati ya karakana, serikali na karkhana.
2. Yapange maneno haya katika aina tatu zilizotajwa katika utangulizi: hewa, dola, aina, nidhamu, simba, sura.
3. Chagua kitu kimoja cha kifalme cha jamii yako. Andika kibao chake kwa maneno yasiyozidi 60, ukianza na jina lake katika lugha ya wenyewe na kazi yake.